Goli la Bomba Zima

Mimi nauza vyuma. Mpira siujui, na kwa umri huu sina haja ya kuujua. Lakini jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, fundi wa kuchomelea ambaye mtaa mzima unamwita Cheche, yalimkuta mambo yaliyozaliwa na mpira na chuma kwa pamoja, na upande wa chuma hakuna wa kunifundisha. Wanaoujua mpira wameyasimulia vya kutosha pale kwa kinyozi. Wameyasimulia vibaya.

Cheche ni mtu mfupi, na mikono yake imejaa vitone vyeusi vya kuungua kama aliyeugua surua juzi. Alianza kazi akiwa mfagiaji kwenye karakana ya mtu mwingine. Hakuna aliyemfundisha. Ufundi aliuiba kwa macho, na macho ndiyo yaliyolipa, maana alikuwa akiutazama ule moto bila miwani. Hadi leo jicho lake la kushoto hutoka machozi. Mteja mgeni akija kupatana bei hudhani fundi analia, akaona haya, akaongeza. Nilimwambia mara nyingi kwamba jicho lile ni mtaji asilitibu.

Kazini alikuwa na dini yake moja: haungi bomba. Mafundi wengine hununua kwangu vipande, wakaviunga, wakapitisha grenda kusugua kiungo, wakapaka rangi, na mteja akaondoka anashukuru. Cheche hapana. "Kiungo ni kidonda, tajiri," alikuwa akiniambia. "Hata kikipona, mwili unakikumbuka." Alinunua bomba zima, na kazi yake aliipanga kwa kulifuata bomba, si kwa kumfuata mteja. Nimemsikia kwa masikio yangu mwenye nyumba mmoja akilalamika kwamba geti limekuja dogo kuliko nafasi aliyoacha.

"Geti halijapungua," Cheche akamjibu. "Ukuta wako ndio umeachwa wazi mno. Ongeza tofali."

Na yule bwana akaongeza tofali! Ndivyo walivyomzoea. Mageti yake hayalegei wala hayapindi, na mtu akishakuwa na sifa ya namna hiyo watu huacha kumpima. Naye huacha kuuliza.

Nyuma ya maduka yetu kuna kiwanja cha vumbi ambako zamani malori yalikuwa yakigeuzia. Watoto walicheza hapo kwa mawe mawili huku na mawili kule, na kila bao lilikuwa kesi: limeingia, halijaingia, limepita juu ya jiwe. Siku moja Cheche akachoshwa na kelele. Akachukua kwangu mabomba manne. Kwa kila goli, bomba moja akalikata katikati zikawa nguzo mbili, ncha zake akazizika. Bomba la pili akalilaza juu likiwa zima, halikuonja msumeno. Ilipendeza kweli. Mitaa ya jirani haikuwa na magoli ya chuma, walikuwa na fito na mawe yao, kwa hiyo timu zote zikawa zinakuja kucheza kwetu. Hakuna aliyekuja na tepu ya kupimia. Nani anapima goli? Kimo chake kilikuwa kizuri, limesimama wima, limepakwa rangi nyeupe. Goli ni goli.

Ndani ya goli la upande wa karakana ndimo alimokulia binti yake.

Watoto wakubwa walimweka humo kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kukaa. Akakaa, akapenda, na baba yake akaona. Basi kila jioni Cheche akishazima mashine alitoka na mpira, aproni ya ngozi ikiwa bado kifuani, akawa anampigia. Mwenyewe hajawahi kucheza hata mpira wa matambara. Alimfundisha kama mtu anavyoufundisha mkono kushika kijiti cha kuchomelea: rudia, rudia, mpaka mwili ujue wenyewe bila kuuliza kichwa.

"Usigeuke kuangalia nguzo!" alikuwa akipayuka. "Fundi gani anatafuta mlango wa karakana yake mwenyewe? Hatua moja, jirushe! Umefika?"

"Nimefika zamani, Mzee Cheche! Nangojea huo mpira wako. Umeupiga au umeutuma kwa barua?"

"Hebu rudi katikati, mdomo kama cherehani!"

"Nimerithi kwa nani sasa?"

Walikuwa hivyo, baba na mwana wakitaniana kama mtu na mwenzake, mpaka mama mtu akawa anatoka mlangoni kuwakemea wote wawili. Miaka ikapita. Watu wakamwita yule binti Komeo, kwa kuwa akishasimama pale, pamefungwa. Na alikuwa na kitu chake kimoja ambacho watu walikuja kukitazama hata kutoka mbali. Mpira unaopita nje ya nguzo hakuufuata kamwe. Aliujua tangu ukiwa mguuni mwa mpigaji. Alisema tu kwa sauti, "Nje!" akakunja mikono kifuani, na mpira ukapita kando yake kama gari la watu wengine. Hakukosea hata siku moja. Kinyozi wetu, ambaye hana jema analomsemea mtu, alikuwa akiacha kichwa cha mteja nusu ili atoke kuliona hilo.

Sasa, kila mwaka shule zikifungwa, mji wetu hupokea mashindano ya kimataifa ya vijana. Mabasi hushusha watoto wa nchi nyingi, wamevaa suti za michezo za rangi moja, wana mabegi yenye magurudumu. Barabara ya uwanjani hupambwa kwa bendera. Sisi wa mtaani faida yetu ilikuwa kuuza maji na kukodisha viti. Lakini wasichana wa chini ya miaka kumi na sita walipoingizwa kwenye mashindano, mji mwenyeji ukapewa nafasi ya timu moja, ya kuokoteza huku na huku. Na kila mwaka alikuja mama mmoja mgeni, mwenye kofia ya kivuli, mwakilishi wa shule ya michezo ya huko mbali. Shule hiyo humsomesha mtoto, humlaza na kumlisha, mpaka amalize. Mwaka ule habari zilizagaa kwamba mama huyo anatafuta kipa. Kipa mmoja tu.

Cheche aliposikia, hakulala, au ndivyo mkewe alivyoniambia. Mkewe ni mpiga pasi kwenye duka la dobi, mwanamke wa maneno machache na mikono mikavu.

"Shemeji," aliniambia akiwa amesimama mbele ya duka langu, "mwambie rafiki yako asimjaze mtoto upepo. Huyu mwaka huu anamaliza madarasa aliyoweza baba yake kumlipia. Ama anaipata hiyo shule, ama anakuja kushika pasi ya pili pale dukani, na mwenye duka nimeshaongea naye. Mimi sina njia ya tatu. Yeye anayo?"

Nilimwambia sina la kumwambia Cheche. Mke wake alikuwa amepiga hesabu nzuri kuliko sote.

Siku chache kabla ya mashindano kipa wa timu ya mji akateleza kwenye ngazi, mkono ukavunjika. Kocha akaja kiwanjani kwetu mbio mbio kama mtu aliyekuja kuazima pampu. Akaomba wavulana wampigie Komeo mashuti. Wakapiga. Kila uliolenga goli aliudaka au aliutoa, na uliokuwa unakwenda pembeni alisema "Nje!" akakunja mikono. Kocha alicheka peke yake.

"Huyu mlikuwa mmemficha wapi?"

"Hatujamficha," alisema Cheche. "Nyie ndio hamkuwa na macho."

Wakamchukua. Mazoezi yenyewe yalifanyika kwenye ua wa shule moja, juu ya sakafu ya saruji, kwa kurushiana tu mipira kwa mikono, kwa sababu nyasi za uwanja mkubwa zilikuwa zinapumzishwa kwa ajili ya wageni. Kwa hiyo goli la uwanja mkubwa Komeo aliliingia kwa mara ya kwanza siku ya mechi ya kwanza.

Mtaa mzima ulikuwepo. Kinyozi alifunga duka, jambo ambalo hakulifanya hata alipofiwa na mama mkwe. Sisi tulisimama nyuma ya uzio, upande wa goli la Komeo, mimi kulia kwa Cheche. Alikuwa amevaa shati la mikono mirefu kufunika yale madoa. Kule jukwaani, kwenye kivuli, niliiona kofia ya yule mama mgeni.

Mechi ilianza vizuri kwa dakika kadhaa. Kisha msichana mmoja wa wageni, mrefu, nywele kazifunga kisogoni, akaachia shuti la chini kutoka mbali. Halikuwa kali. Lilikuwa linakwenda pembeni, hata mimi niliona linakwenda pembeni.

"Nje!" alisema Komeo. Akakunja mikono.

Mpira ukapita kando yake ukaingia wavuni.

Uwanja ukacheka. Si kicheko cha ubaya, ni kile cha mtu aliyeona kitu asichotegemea, lakini kilikuwa cha watu wengi. Komeo alibaki na mikono kifuani. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akageuka kuiangalia nguzo.

Wakaanza tena. Shuti la pili likaja upande uleule. Alichukua hatua moja, akajirusha, mwili wote ukanyooka kama alivyofundishwa, na mkono ukafika palepale ulipozoea kufika. Mpira ulipita mbele zaidi ya vidole vyake. La tatu lilikuja upande wa pili, na safari hii alikuwa ameshaanza kuogopa, amesimama karibu na nguzo moja kama anayeilinda isiibiwe, na upande mwingine ukabaki uwazi wa kupitisha mkokoteni. Nao ukaingia. Kinyozi hakusubiri.

"Komeo limevunjika jamani! Leteni kufuli!"

Nilimgeukia Cheche nimwambie amnyamazishe. Hakuwa anamtazama kinyozi. Hakuwa anamtazama hata binti yake. Alikuwa ameinua uso anautazama mtambaapanya wa goli lile, ule mti wa juu.

"Kuna kiungo," alisema.

"Kiungo gani?"

"Pale katikati. Chini ya rangi."

Nikakaza macho. Kweli, palikuwa na uvimbe mdogo, umesuguliwa vizuri, mtu asiye wa kazi asingeuona.

"Wameunga, na sisi tufanyeje? Si kila fundi ana dini yako."

"Tajiri," alisema taratibu, "wewe ndiye unayeuza. Bomba zima linafika kutoka huku mpaka kule?"

Nilipima kwa jicho. Bomba la aina ile hutoka kiwandani na urefu mmoja, liwe limetengenezwa popote. Nimebeba mabomba hayo begani kabla sijawa na mtu wa kunibebea, kwa hiyo urefu wake naujua kama ninavyoujua urefu wa kitanda changu. Halikufika. Lilibaki pengo kubwa, zaidi ya hatua ya mtu mzima.

Cheche hakungoja jibu langu. Alikwishaanza kukimbia kandokando ya uzio, anasukuma watu, shati limemtoka suruali.

"Komeo! Goli lao ni pana! Goli ni pana, mwanangu! Sogea, ongeza hatua! Goli pana!"

Unaweza kufikiri jambo la kweli likisemwa kwa sauti kubwa watu hulitambua. Kinyozi alishika tumbo.

"Tumesikia ya jua machoni, tumesikia ya refa mla rushwa, leo tumeletewa goli pana! Fundi, si uwaambie waongeze tofali?"

Watu wakaanguka kwa kicheko. Mmoja akalidaka lile neno, wa pili akalipigia makofi, na baada ya muda mfupi upande wetu wote wa uwanja ulikuwa unaimba: "Go-li pa-na! Go-li pa-na!" Cheche alikuwa katikati yao anapiga kelele zilezile, maneno yaleyale, na hakuna namna mtoto aliye kule ndani angeweza kuitofautisha sauti ya baba yake na ya wanaomzomea. Kipindi cha kwanza kilipoisha kocha alimtoa. Glavu akapewa beki mmoja ambaye angalau ana miguu mirefu.

Mimi si mtu wa huruma, na nisingependa mtu asome hapa aone huruma yangu. Nilichofanya baadaye nilikifanya kwa sababu niliona mali nzuri inapimwa kwa bei ya chuma chakavu, na jambo hilo huniuma hata mali isipokuwa yangu. Mechi ilipokwisha nilimshika Cheche mkono tukaenda chini ya jukwaa, kwenye chumba kidogo kilichonuka dawa ya kuchulia misuli. Yule mama mgeni alikuwa amekaa kwenye sanduku la chupa anafungua kamba za viatu. Alikuwa na mkalimani, dada mmoja mchangamfu mwenye kitambulisho shingoni.

Nilimweleza yote: karakana, bomba, kiwanja cha malori. Mkalimani alitafsiri huku anatabasamu, halafu tabasamu likaisha. Yule mama akamtazama Cheche mikononi, kwenye yale madoa.

"Anauliza, kwani goli mlilijenga bila vipimo?"

Cheche alifungua mdomo. Nikamkanyaga mguu.

"Mwambie tulilijenga kwa tulichokuwa nacho," nilisema. "Na mwambie kipa aliyelinda goli lile miaka yote bila kuangalia nguzo hata mara moja, hajawahi kumwona kwingine. Tunaomba acheze mechi ya kesho."

Wa kupanga timu ni kocha, alijibu, si yeye. Hilo nililijua. Huanza na usichokitarajia ili ukitakacho kionekane kidogo. Nikashuka: basi asubuhi, kabla ya mechi, ampime mwenyewe golini kwa nusu saa. Akasema robo saa. Nikanyamaza. Wengi hawajui kwamba kimya nacho ni bei. Nilimwangalia tu mpaka akafunga tena kamba alizozifungua.

"Anasema sawa, nusu saa. Lakini aje amelala vizuri."

Tulipofika nyumbani kwa Cheche ilikuwa saa ya kuwasha taa. Mama alikuwa amesimama mezani anapiga pasi kazi aliyorudi nayo, Komeo amekaa kwenye kigoda karibu na ukuta, bado amevaa soksi ndefu. Cheche alivuta tepu yake akailaza sakafuni kutoka mlango wa chumba mpaka nje barazani.

"Goli letu linaishia hapa," alisema. Akavuta tena, mpaka akafika kwenye ngazi. "Lao linaishia huku."

Komeo aliifuata ile tepu kwa macho hadi ngazini.

"Kwa hiyo uwanja mzima ulipokuwa unaimba..."

"Niliyeanza ni mimi. Nilikuwa nakuambia."

"Ulikuwa unaniambia!" Akacheka, kicheko cha kukatika katika. "Mzee Cheche, umenianzishia wimbo! Nimezomewa na baba yangu mzazi!"

"Nisamehe, mama."

"Kwa hiyo mimi sikukosea?"

"Hukukosea hata kidogo. Ulifika ulipotakiwa kufika."

Mama mtu alichomoa pasi ukutani. Nimekuwa jirani yao miaka mingi na sijawahi kuona pasi ile inachomolewa kazi haijaisha. "Basi kesho," alisema, "chukua hatua mbili. Tatizo liko wapi?"

"Hakuna tatizo," Komeo alisema, na alikuwa tayari amesimama, anapima kwa miguu kutoka mlangoni hadi ngazini. Moja, mbili, akajirusha hewani bila kuanguka. Nilirudi kwangu nikijua nimefanya biashara nzuri.

Asubuhi nyasi zilikuwa na maji. Yule mama mgeni aliwaleta wasichana wawili wa kupiga. Cheche alisimama nyuma ya wavu, mkewe kando yake na kanga ya kazini kiunoni, maana alikuwa ameomba ruhusa ya kuchelewa. Komeo akazigusa nguzo zote mbili, kwanza hii, kisha ile, akarudi katikati.

Sijui mpira, nimeshasema. Lakini mikono ya watu naijua, na nilichokiona pale sijakisahau. Mpira uliokuja katikati, au juu ya kichwa, aliutoa hewani kama anayechuma kitu chake. Mara ya kwanza yule mama aliinua kofia. Niliona bei inapanda usoni mwake. Lakini waliopiga walikuwa wamejua pa kupiga. Ukienda pembeni, Komeo alihesabu hatua mbili, na mtu anayehesabu amechelewa. Akiacha kuhesabu, mwili ulichukua hatua moja yenyewe ukajirusha mpaka mahali ambapo ingekuwepo nguzo ya baba yake, na hapakuwa na nguzo. Alianguka pale kila mara. Palepale. Baada ya muda nyasi zililala mahali pamoja kulia na mahali pamoja kushoto, na nje ya hapo, mpaka nguzoni, zilikuwa zimesimama na umande wake.

"Hatua mbili!" Cheche alikuwa anasema nyuma ya wavu. "Mbili, mama. Mbili tu."

"Najua!" alijibu bila kugeuka. "Nyamaza, baba, najua!"

Kuna shuti moja alisema "Nje." Alilisema kwa sauti ndogo, nadhani hata yeye hakujua amesema, na mpira ukaingia.

Yule mama aliacha nusu saa ipite yote, na zaidi. Kisha akaja akamshika Komeo bega, akazungumza polepole, na mkalimani akatafsiri akiwa anatazama chini.

"Anasema una mikono mizuri sana, hajaona kama hiyo muda mrefu. Anasema ungekuwa mdogo angekuchukua leo, angekufundisha upya. Lakini anahitaji kipa wa muhula huu, na kulifuta jambo lililoingia mwilini namna hii kunachukua miaka. Na mwakani utakuwa umepita umri."

Mimi nilifungua mdomo. Maisha yangu yote nimepatana bei, na bei ya mwisho naitambua ikisemwa kwa lugha yoyote. Nikaufunga.

Walipoondoka, Komeo alivua glavu akazikunja pamoja. Baba yake alikuja mbele ya goli, hakujua mikono aiweke wapi.

"Baba," Komeo alisema, "siku unajenga lile goli, ulipima?"

"Nilipima."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa bomba."

"Hukumuuliza mtu goli lina upana gani?"

"Ningemuuliza nani, mwanangu? Mtaa mzima nani alijua?"

Komeo hakuwa na hasira, ningependa angekuwa nayo.

"Yeyote," alisema. "Yeyote tu, baba. Ungeuliza."

Mama yake alimshika mkono wakaondoka pamoja kwa njia ya dukani kwa dobi.

Hayo ni ya mwaka jana. Yule mama mgeni alimpata kipa wake, mtoto wa nchi nyingine. Wiki ileile Cheche aliyang'oa magoli yote mawili. Nilimwambia ayaunge tu, kila upande kipande, kazi ya asubuhi moja, na vipande nampa. Akatikisa kichwa. Nikamwambia basi aniuzie chakavu. Mabomba yamelala ukutani kwake mpaka leo, rangi inabanduka, na watoto wamerudia mawe. Hata kazi imempotea. Mteja akija, Cheche anapima, anapima tena, anamwita mteja waende wote kwenye ukuta wapime tena, halafu hakati. Watu wana shida ya mageti, hawana siku za kungoja. Wanavuka barabara kwa wale wa vipande. Mimi nimepoteza mnunuzi mzuri, na nalisema hilo kwa sababu ni kweli, si kwa sababu ndilo kubwa.

Komeo anapiga pasi. Mwenye duka anamsifu, anasema mkono wake haurudii mahali mara mbili. Kila siku hupita mbele ya karakana na furushi la mashuka yaliyokunjwa, na baba yake huacha alilokuwa analifanya, akasimama mlangoni.

"Shikamoo, baba," husema, kwa adabu kamili, kama mtoto aliyelelewa vizuri na watu wengine.

"Marahaba. Umeshindaje?"

"Salama, baba."

Juzi nilikuwa nimekaa nje, nikaacha mteja wangu anasubiri. Cheche alimfuata hatua chache.

"Mdomo kama cherehani," alimwambia, kwa sauti ya zamani, akijaribu.

Komeo aligeuka, akatabasamu vizuri kabisa. "Ndiyo, baba," alisema, akaweka furushi sawa begani, akaenda.

Cheche alisimama palepale njiani mpaka mwenye mkokoteni akampigia kelele apishe.